Shati la Pamba, Rangi ya Mwembe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kikundi cha ushonaji, Ujiji)



Mmeniomba niseme juu ya mashati mepesi ya kiangazi yenye rangi ya mimea. Nguo ya mimea si jambo geni hapa. Mwingereza Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliwakuta wenyeji wamevaa mbugu, yaani nguo ya gome la mti lililopondwapondwa mpaka likalainika. Wenzetu wa Uganda wanaitengeneza hadi leo. Lakini mbugu haitaki kusuguliwa kwa sabuni, na shati la jasho lazima lifuliwe. Kwa hiyo shoneni pamba tupu. Tetroni haishiki rangi ya majani.

Sasa, rangi tutaitoa wapi? Miembe tunayo tele. Msichune magome, mtaua mti. Chumeni majani.

Kwanza lichemsheni shati kwa sabuni na magadi kidogo, gundi ya kiwandani itoke. Halafu chukueni shabu, ile kama jiwe jeupe wanayotumia vinyozi. Kwa shati la gramu 250, gramu 40 zatosha. Iyeyusheni katika maji ya moto, mlilowekeni shati humo usiku kucha. Bila shabu rangi itaondoka na maji. Asubuhi katakateni majani nusu kilo, yachemke saa moja, mchuje. Tumbukizeni shati, moto uwe mdogo, saa moja nyingine. Litatoka la manjano. Mkitaka rangi iliyofifia kuelekea kijani au kijivu, tieni maji ya misumari yenye kutu, lakini kidogo sana, maana kutu hula nyuzi. Na sufuria hiyo isirudi jikoni!

Linalonitia wasiwasi ni fedha za watu. Mtu anauza dagaa zake, ananunua shati, mwezi mmoja limekuwa jeupe. Je, atarudi kwenu? Basi kabla ya kuuza, kila mara mnapopika rangi, pikeni na kipande cha kitambaa. Kifueni mara tano. Kisha kifunikeni nusu kwa boksi gumu, mkiache juani wiki mbili, pale pale panapoanikwa dagaa. Fungueni mlinganishe nusu mbili. Zikitofautiana sana, mashati ya sufuria ile msiyauze. Zikitofautiana kidogo, mwonyesheni mnunuzi kipande hicho kabla hajatoa pesa, mkamwambie afue kwa maji baridi na kuanika kivulini.