Mpini Mdogo, Mti wa Karne Nyingi
Katika kisiwa cha Tasmania, Australia, humea msonobari uitwao Huon. Unene wake huongezeka kwa takriban milimita 1 tu kwa mwaka, na ipo iliyoishi zaidi ya miaka 2,000. Mafuta yake ya asili huuzuia usioze. Ndiyo maana hufaa kwa mpini wa brashi ya kunyolea ndevu, chombo kinacholowa kila asubuhi.

Lakini kuukata ukiwa hai ni marufuku. Fundi wa kukereza hutegemea magogo ya zamani, yaliyookolewa mitoni na katika mabonde yaliyofurikishwa kwa mabwawa ya umeme. Patasi ikiteleza, miongo ya ukuaji hugeuka takataka. Hapo ndipo haraka haraka huwa haina baraka.