Nazi, Jiwe na Chubwi: Hesabu za Vitu Viangukavyo

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo mlionalo kila siku, lakini ambalo huwashinda wengi likiandikwa ubaoni kwa tarakimu, nalo ni mwendo wa kitu kilichoangushwa au kilichotupwa.

Tushike njia ya mashamba itokayo Bagamoyo kwenda Kaole, tumtazame mkwezi aliye juu ya mnazi. Tuseme kwamba mahali alipo pana urefu wa futi 64 toka ardhini. Amekata nazi mbili. Moja aiachia tu ianguke. Nyingine, kwa wakati ule ule, aisukuma kwa upande, wala si juu wala si chini. Je, ipi itakayofika chini kwanza?

Mkiwauliza watu barazani, wengi watasema ni ile iliyoachiwa, kwa kuwa njia yake ni fupi. Wengine watasema ni ile iliyosukumwa, kwa sababu imetiwa nguvu. Wote wamekosea. Nazi zile mbili zafika chini pamoja. Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi hatukusadiki jambo hili. Tulikuwa tumeshika kanuni kwa moyo kama kasuku, na siku ya mtihani tukachanganya mwendo wa upande na mwendo wa kuanguka katika hesabu moja. Tulipata sifuri, nayo tuliistahili.

Basi tuanze na ile nazi iliyoachiwa. Dunia huivuta, na kila sekunde ipitayo huiongezea kasi ya futi 32 kwa sekunde. (Mwanafunzi apimaye kwa meta aweke 9.8 mahali pa 32. Mambo mengine ni yale yale.) Mwanzoni nazi haina kasi yo yote. Sekunde moja ikiisha, kasi yake ni 32. Je, imeanguka futi 32? La, hasha! Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kasi ilianza na sifuri, ikakua kidogo kidogo hata ikafika 32. Kwa hiyo kadiri yake ya katikati ni 16, na nazi imeanguka futi 16 tu. Katika sekunde ya pili kasi yatoka 32 hata 64, kadiri ya katikati ni 48, basi yaanguka futi 48 nyingine. Jumlisheni 16 na 48, mtapata 64. Nazi imefika ardhini kwa sekunde mbili kamili.

Mtu asemaye kwamba kanuni ni ngumu na aitazame sasa: zidisheni sekunde kwa sekunde, kisha zidisheni kwa 16. Sekunde mbili kwa mbili ni nne, mara 16 ni 64. Laiti mnazi ungalikuwa na futi 144, nazi ingechukua sekunde tatu. Lakini mnazi kama huo hatujauona pwani hii.

Aidha, kasi ya nazi ifikapo chini ni futi 64 kwa sekunde, yaani zaidi ya maili 43 kwa saa. Ni kasi ya motokaa iendayo mbio. Kwa hiyo mzee amfukuzaye mtoto aliyeketi chini ya mnazi hamwonei. Ana hesabu upande wake.

Na ile nazi iliyosukumwa? Tuseme mkwezi ameipa kasi ya futi 15 kwa sekunde kwenda upande. Hakuna kitu cha kuizidisha wala kuipunguza kasi hiyo, tukiuacha upepo kando, kwa maana dunia huvuta chini tu, haivuti upande. Kwa hiyo yaenda futi 15 kila sekunde. Na wakati ule ule yaanguka kama mwenzake, 16, kisha 48. Baada ya sekunde mbili imefika chini, nayo iko futi 30 mbali na ile ya kwanza. Andikeni hesabu mbili, moja ya upande na moja ya chini, msizichanganye. Kitu kimoja tu ndicho cha shirika kati yake, nacho ni wakati.

Pengine mtu atauliza juu ya uzito. Nazi iliyokomaa na kidaka kidogo vikiachiwa pamoja, vyafika karibu sawasawa, ijapokuwa kimoja ni kizito mara nyingi kuliko kingine. Kuti huchelewa, kweli, lakini linalolichelewesha ni hewa, kwa sababu ni pana na jepesi.

Mtu aliyeyafafanua mambo haya ni Galileo Galilei wa Italia, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1638. Alionyesha kwamba njia ya kitu kilichotupwa hupinda kwa namna yake maalumu, iitwayo parabola. Tangu hapo wapiga mizinga wakawa na elimu ya kuhesabia. Wazee wa pwani hii waliyajua matokeo yake kwa uchungu, maana mwaka 1889, katika vita vya Abushiri na Bwana Heri, manowari za Wadachi ziliipiga Saadani kwa mizinga toka baharini. Risasi ya mzinga na nazi ya mkwezi hufuata sheria moja, ila risasi, kwa ukali wa mwendo wake, huzuiwa sana na hewa, na hesabu yake huwa ndefu kuliko tuwezavyo kuieleza jioni moja.

Turudi kwenye jambo jepesi. Mtoto yuko chini ya miembe ya Misheni, iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868, naye atupa jiwe apate embe. Jiwe lapanda kwa kasi ya 48, na wakati huo huo laenda mbele kwa kasi ya 20. Dunia yapunguza 32 kila sekunde katika ile kasi ya kupanda, basi 48 yaisha kwa sekunde moja na nusu. Kadiri ya katikati ni 24. Mara moja na nusu, ni futi 36. Hapo ndipo kilele. Kushuka huchukua muda ule ule wa kupanda, hivyo safari yote ni sekunde tatu, na jiwe laanguka futi 60 mbele, pengine juu ya kichwa cha mpita njia asiye na habari ya embe.

Angalieni neno moja hapa. Wanafunzi wengi huandika kwamba jiwe likiwa kileleni halina kasi. Kasi iliyokwisha ni ile ya kupanda tu. Ile ya mbele, futi 20, ingalipo, wala haikuguswa.

Na sasa twende baharini. Jahazi latoka Bagamoyo kwenda Unguja, bahari ni shwari, mwendo wake ni futi 10 kwa sekunde, wala haubadiliki. Baharia yuko juu ya mlingoti, futi 36, naye aangusha chubwi la mshipi. Laanguka kwa sekunde moja na nusu, na katika muda huo jahazi limekwenda mbele futi 15. Je, chubwi litaanguka nyuma, futi 15 mbali na mlingoti? Mfaransa mmoja, Pierre Gassendi, alilijaribu jambo hili mwaka 1640 katika merikebu iliyokuwa ikienda, huko Marseille. Vitu vilianguka chini ya mlingoti pale pale, kwa kuwa vilikuwa na mwendo wa chombo tangu mwanzo, navyo havikuuacha vilipoachiwa. Aliye chomboni aona chubwi likishuka wima. Aliye pwani, kama ana macho makali, aliona likipinda kwenda mbele. Wote wawili wasema kweli.

Twawaachia hesabu moja mkaifanye nyumbani. Mkwezi yuko juu futi 36, na futi 18 toka shina la mnazi ameketi mtoto. Ni kasi gani ya upande ambayo mkwezi asiipe nazi yake kabisa? Tafuteni wakati kwanza. Mkipata futi 12 kwa sekunde, mmepatia. Na kabla ya kuandika jawabu, mwiteni mtoto yule aondoke.