Ua la Pareto na Watu wa Nchi ya Joto
(Maneno ya mazungumzo kwa wafugaji na wakulima wa Oltepesi, Kajiado)



Mahali hapa pameitwa kwa jina la mgunga, mti wa nchi kavu na jua kali. Yafaa jambo hilo likumbukwe leo, kwa sababu habari ni za mmea wa baridi, nao ni pareto. Wako watu ambao wakisikia kwamba zao fulani limeleta fedha mahali fulani, huuza mbuzi wawili na kununua miche kabla ya kuuliza zao hilo lataka nchi ya namna gani. Kwa pareto watu hao watapoteza mbuzi wao.

Pareto ni ya jamii moja na alizeti, ila ua lake ni dogo, lenye petali nyeupe na moyo wa manjano. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika nchi ya Kroatia. Ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita vya 1939 hadi 1945 vilipoingia, Japani, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ikawa upande wa adui. Basi pareto ya Kenya ikatafutwa sana kwa kuwaua mbu waliowaletea askari malaria.

Mmea huu hautoi maua vizuri usipopata baridi. Hustawi kwenye mwinuko wa mita 1,800 na zaidi, kama Molo, Kinangop na milima ya Kisii. Ukipandwa penye joto waweza kuota majani mazuri ya kupendeza macho, lakini maua hayaji; na hakuna anunuaye majani.

Huko juu mkulima hugawanya mashina ya zamani, akapanda vipande vyake kwenye matuta. Baada ya miezi minne hivi huanza kuchuma, kisha hurudia kila majuma mawili au matatu. Kuchuma ndiko kazi yenyewe. Ua lililofumba halijakomaa dawa, na lililozeeka limepungukiwa. Lililo tayari ni lile ambalo petali zake zimelala sawasawa kama sahani. Maua mabichi yakirundikwa huvunda. Kwa hiyo huanikwa upesi mpaka yakauke. Shamba hudumu miaka mitatu hivi, ndipo hupandwa upya.

Hata hivyo baridi peke yake haikuwatosha wakulima wa huko. Mpaka miaka ya 1990 Kenya iliuza sehemu iliyo kubwa kuliko zote ya pareto ya dunia. Kisha malipo yakachelewa, miezi ikawa miaka, na wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Nani angewalaumu? Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 iliwafungulia mlango wanunuzi binafsi, na wakulima wengine wamelirudia zao hilo.

Basi mfugaji wa Oltepesi ana haja gani na ua hili? Anayo, tena kubwa. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe hutengenezwa viwandani kwa kuiga dawa iliyomo katika pareto, ambayo hupiga mishipa ya fahamu ya mdudu. Mwenye kuichanganya na maji mengi kupita kiasi ili aokoe shilingi chache huwazoesha kupe dawa hiyo, hata mwisho wasife. Tena dawa hizi huua samaki. Mabaki yasimwagwe mtoni wala bwawani.

Liko na jambo la pili. Maua yakisha kukamuliwa dawa, makapi yake hulishwa ng'ombe. Wakati wa kiangazi, malisho yanapokwisha, mfugaji aweza kuyaulizia. Lakini asiulize bei ya kiwandani tu. Aongeze nauli ya lori mpaka Oltepesi, kisha alinganishe jumla hiyo na bei ya nyasi kavu, kabla mifugo haijadhoofika.