Fundi Amelipwa na Hashiki Simu: Ufanye Nini?

(Maelezo yaliyotolewa na afisa wa idara ya biashara ya kaunti katika baraza la wananchi)

Najua wengine mna ng'ombe wa kukamua na watoto wa kupokea kutoka shuleni, kwa hivyo nitaingia kwenye jambo lenyewe.

Mtu anataka kubadilisha mabati, kuweka vigae sebuleni au kuongeza chumba. Fundi anakuja, anapima, anataja bei. Analipwa zaidi ya nusu. Anafanya kazi siku tatu au nne, kisha anaaga kwamba ana kazi ndogo ya kumaliza mahali pengine. Wiki inapita. Ukipiga simu unaambiwa mteja hapatikani. Ukituma ujumbe, unaona ameusoma, lakini jibu hakuna. Mvua nayo haimsubiri mtu.

Mara nyingi fundi wa namna hii hakuja kwako na nia ya kuiba. Alikuwa na deni la kazi ya awali, akachukua pesa zako kumalizia nyumba ya mteja wa jana. Sasa anamsubiri mteja wa kesho ndipo amalizie yako. Ndiyo maana nawasihi: akikwambia umwongeze kidogo ndipo arudi, usiongeze. Pesa hizo huenda zikaishia kwingine pia.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amekubaliana na fundi aezeke nyumba upya, mbao, mabati na ufundi, kwa shilingi 180,000. Amelipa 130,000. Fundi ameondoa mabati ya zamani, amesimamisha nusu ya kenchi, kisha ametoweka. Mama afanye nini?

Kwanza, asimwite fundi mwingine kupanda juu ya paa kabla ya kuweka ushahidi. Apige picha za kazi ilivyo, ndani na nje, na za vifaa vilivyobaki uwanjani. Halafu amwombe fundi mwingine aandike kwenye karatasi, kwa tarehe na sahihi, kazi iliyofanyika na vifaa vilivyopo vina thamani gani. Tuseme ni 40,000. Basi dai lake ni 130,000 kutoa 40,000, yaani 90,000. Mtu akienda mbele ya chifu au mahakama na hesabu kama hiyo, anasikilizwa haraka kuliko anayesema tu "amekula pesa zangu".

Pili, aandike barua ya madai. Haihitaji maneno makubwa. Aeleze walichokubaliana, alicholipa na tarehe zake, kilichofanyika, na anachotaka: fundi arudi kazini au arudishe 90,000 katika muda wa siku 14. Aitume kwa simu na pia ampelekee kwa mkono akiwa na shahidi, na abaki na nakala. Matusi na vitisho asiweke, kwa maana barua hiyo itasomwa na watu wengine baadaye.

Tatu, mzee wa mtaa au chifu anaweza kuwaita wote wawili. Katiba yetu, kifungu cha 159, inatambua upatanishi na njia nyingine za kumaliza migogoro. Mkielewana hapo, andikeni makubaliano, mtie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Lakini chifu si mahakama. Hawezi kumlazimisha mtu alipe.

Nne, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu ilipofunguliwa. Huhitaji wakili ili kufungua kesi, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Uliza katika kituo cha mahakama kilicho karibu nawe. Fundi akishapelekewa hati ya kuitwa na akakaa kimya, kimya chake hakizuii mahakama kutoa uamuzi. Usikae sana, ingawa sheria inakupa miaka 6 kudai haki ya mkataba. Picha hupotea, mashahidi nao huhama.

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Ukiulizwa jina la fundi, unasema "Fundi Mrefu" na nambari ya simu. Mahakama haiwezi kumpelekea hati Fundi Mrefu. Angalia ujumbe wa M-Pesa: unaonyesha jina lililosajiliwa, kiasi na tarehe. Usiufute. Na ukishinda kesi, bado utahitaji kujua anakoishi na mali aliyo nayo, ili uamuzi utekelezwe.

Je, polisi? Kuvunja mkataba peke yake ni dai la madeni, na polisi hawakusanyi madeni. Lakini mtu akichukua pesa kwa uongo tangu mwanzo, kwa mfano amejifanya wakala wa kampuni isiyomjua, hilo ni kosa la jinai, na unapaswa kuripoti kituoni.

Sasa tuzungumze kuhusu kuzuia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa hata shilingi, andikeni kazi yote: aina na geji ya mabati, nani ananunua vifaa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Weka nakala ya kitambulisho cha fundi. Kwa kazi kubwa, mwombe mkandarasi cheti chake na uhakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwamba amesajiliwa. Ukiweza, nunua vifaa wewe mwenyewe dukani, fundi umlipe ufundi tu. Na ufundi huo ulipe kwa hatua: kidogo akianza, sehemu kenchi zikisimama, sehemu mabati yakipigwa, na ubakize asilimia 10 hadi mvua inyeshe uone kama paa linavuja. Pesa ambazo hazijatoka mkononi mwako ndizo zitakazomrudisha fundi.

Kama unaongeza chumba au kubadilisha ukuta unaobeba nyumba, pitia kwanza ofisi ya mipango ya kaunti upate idhini.

Mafundi mlio hapa, sisemi nyinyi ni wabaya. Nyumba hizi zote mnazoziona zimesimama kwa mikono yenu. Nanyi pia hudhulumiwa: mteja anabadilisha ramani katikati ya kazi, au nyumba inaisha anahamia na kusahau salio lenu. Mahakama hiyo ya madai madogo ni yenu pia, na karatasi iliyotiwa sahihi inawalinda nyinyi sawasawa na mwenye nyumba. Ukichelewa, shika simu useme umechelewa. Mteja anayejua ukweli husubiri.

Nanyi wenye nyumba, msifungie ndani misumeno na ngazi za fundi ili arudi. Hizo ni mali yake ya kutafutia riziki, na kesi inaweza kugeuka ikawa yako.

Kusimamia biashara ya haki ni mojawapo ya kazi ambazo Katiba imezipa kaunti. Mkija ofisini, njooni na karatasi zenu, picha na ujumbe wa malipo, tutawaonyesha pa kuanzia. Sasa nipo tayari kwa maswali, na tuanze na akina mama walioketi huku nyuma.