Tundu la mlango: maneno ya fundi mbele ya wazazi na viongozi

(Maneno haya yalisemwa na fundi mkuu wa garaji ya mafunzo mjini Bunia, Ituri, katika mkutano wa wazazi wa vijana, wakaaji wa kata na wajumbe wa familia zilizohama.)

Nimeombwa nieleze habari ya taksi iliyorudishwa garajini wiki iliyopita. Maneno mengi yamesemwa kwenye kata na kambini. Mimi ni fundi, si msemaji, basi nitaanza na kazi yenyewe.

Mlango wa gari una pande mbili. Nje ni chuma. Ndani kuna ubao mwembamba wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu yake simili, ile ngozi ya plastiki. Mwenye taksi alikuwa amekata tundu kwenye ubao ule ili aweke spika ya redio. Spika ikaibiwa, tundu likabaki. Akaomba tulizibe, kisha tuvalishe simili mpya. Kazi tuliwapa vijana wawili, mmoja mtoto wa kata, mwenzake wa familia iliyokimbia kutoka Djugu.

Kuziba tundu la namna hiyo ni hivi. Unabandua simili yote ya zamani pamoja na kola yake. Unakata kando za tundu mpaka ufike kwenye ubao mgumu, kwa maana ubao ulioloa huwa laini kama mkate, na hakuna kola inayoshika juu ya mkate. Nyuma unabandika kipande kinacholizidi tundu vidole viwili kila upande. Halafu unakata kingine chenye unene uleule wa ubao, kinaingia ndani ya tundu na kushikwa na kile cha nyuma. Unavibana mpaka vikauke. Ufa unaobaki unajazwa mastiki na kupigwa msasa. Hapo funga macho, upitishe kiganja. Jicho linaweza kukudanganya, mkono utahisi. Simili ni nyembamba: ikivutwa, kila kibonde na kila punje ya mchanga huonekana juu yake. Kola inapakwa pande zote mbili, kwenye ubao na mgongoni mwa simili, na unangoja mpaka ukiigusa isibaki kwenye kidole. Ndipo unavalisha, kuanzia katikati kuelekea kando.

Vijana walifanya hayo yote, nami nilikagua. Lakini baada ya miezi miwili ya mvua ubao ulipinda, simili ikavimba, kiraka kikaachia. Kwenye kata wakasema ni yule mkimbizi, hajui kazi. Kambini wakasema ni yule mtoto wa kata, ameharibu kusudi ili mwenzake afukuzwe. Wengine wakataka tugawe garaji, kila upande na siku zake.

Tukafungua mlango. Mvua hupenya penye kioo katika gari lolote, hilo si ajabu. Maji hushuka ndani ya chuma na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini ya mlango. Tena nyuma ya ubao kiwanda huweka karatasi ya plastiki ili maji yasiuguse. Katika mlango ule vitundu vya chini vilikuwa vimejaa udongo wa barabara, na plastiki ilipasuliwa siku ile spika ilipowekwa. Sisi tuliziba tundu bila kutafuta maji yanapita wapi.

Nani alipaswa kutafuta? Mimi. Mmoja wa vijana aliniambia kwamba plastiki imepasuka. Sitasema ni yupi, kwa sababu jibu lenyewe litabebwa nyumbani kama fimbo. Nilimjibu: mwenye gari anangoja, funga. Siku ile tulikuwa tunatafuta pesa ya kodi. Nimekwisha kumwambia mwenye taksi, na leo ninalisema mbele yenu. Ubao mpya na simili vitalipwa kutoka sehemu yangu, posho ya vijana isiguswe.

Kuhusu kugawa siku, mimi nakataa. Simili ya mlango haivutwi na mikono miwili: mmoja anashika, mwingine ananyoosha, la sivyo inakunjamana, na kola ikishashika hairudi. Na wale wawili hawajaomba kutengana. Wazee mmeulizana ninyi kwa ninyi, wao hakuna aliyewauliza. Wako pale nyuma, mnaweza kuwauliza.

Jumamosi asubuhi tutafungua mlango wa pili wa taksi ile, ambao bado haujavimba. Ninaomba kata itume watu wawili na kambi watu wawili, waje watazame. Waje na nguo za kazi. Ule udongo wa chini hutolewa kwa waya na maji, na mtu huchafuka.

Sasa mwenye swali aulize.