Barua Pepe Safarini: Kuandikwa Si Kufika



Mwezi wa Agosti 1914, huko Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, meli ya Kijerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ghafla ilipigwa mzinga na Gwendolen, meli ya Waingereza. Nahodha wa Gwendolen, Rhoades, alikwisha kuletewa habari kwamba vita vimeanza Ulaya, habari iliyofika kwa simu ya maandishi. Nahodha Berndt, Mjerumani aliyekuwa rafiki yake, hakuwa amepata neno. Alitoka kwa mashua kwenda kuuliza kulikoni, akatiwa mbaroni.

Leo msafiri aliyepo Liuli au Mbamba Bay huweza kupokea barua ya Unguja au Pemba katika simu yake ya mkononi kwa muda wa nukta chache. Hata hivyo, hatari ya mmoja kuwa na habari na mwengine kutokuwa nayo haijaondoka. Imebadilika sura tu.

Inafaa ieleweke kwamba simu huandika barua pepe, lakini haiwezi kuipeleka mpaka ipate mtandao. Tuchukue mfano wa mtumishi aliyetumwa kikazi bara, akapita Songea hadi Mbinga, na sasa anateremka Milima ya Matengo kuelekea ziwani, mwendo wa kiasi cha kilomita 66. Akiwa kwenye kona za milima, ambako mawimbi ya mnara huzuilika, anasoma barua iliyoingia tangu alipokuwa mjini. Ofisi inaomba idhini yake ya kuagiza dawa za kituo cha afya, na muda wa mwisho ni saa tisa alasiri. Anajibu kwamba amekubali, anabonyeza pa kutumia, anaitia simu mfukoni. Kwa hisabu yake, kazi imekwisha. Kumbe barua imebaki ndani ya simu ikisubiri mtandao. Ofisini wanamngojea yeye, naye anadhani wao wamekwisha kuendelea. Atakayelipa gharama ya ukimya huo ni mgonjwa ambaye hakuandika wala hakuandikiwa.

Kwa hivyo, watumishi wanaosafiri wanakumbushwa mambo yafuatayo:

Kwanza, kabla ya kuondoka mjini, msafiri afungue barua zake zote na kuzihifadhi ndani ya simu pamoja na viambatisho vyake, ili aweze kuzisoma pasipo na mtandao.

Pili, baada ya kujibu, aangalie iwapo barua imehamia kwenye orodha ya zilizokwisha kutumwa. Iliyobaki kwenye orodha ya zinazosubiri bado haijaondoka.

Tatu, jambo lenye muda maalumu lisiachiwe barua pepe peke yake. Msafiri apige simu penye mnara, au amkabidhi mwenzake madaraka ya kutoa jawabu kwa maandishi kabla ya safari. Ofisi nayo isichukulie ukimya wa msafiri kuwa ni ridhaa, wala kuwa ni uzembe.

Nne, mwambao huo unatazamana na Malawi, na kusini yake ni Msumbiji. Simu iliyo karibu na mpaka huweza kushika mnara wa nchi jirani na kuleta gharama kubwa. Ni vyema kuifungia simu isitumie intaneti ya mitandao ya nje.

Tano, simu yenye barua za Serikali ifungwe kwa namba ya siri, na ikipotea ofisi iarifiwe siku hiyo hiyo. Barua za kazi zitumwe kwa anuani ya kazi, ambako nakala hubaki kwenye seva hata simu ikipotea au ikiharibika. Chombo hakidumu. BlackBerry za zamani, zilizowahi kusifika duniani kwa barua pepe za safarini, zilizimiwa huduma zake na kampuni yenyewe tarehe 4 Januari 2022.

Rhoades na Berndt walitenganishwa na ujumbe mmoja uliomfikia huyu usimfikie yule. Mtumishi wa leo anacho chombo ambacho manahodha wale hawakukiota. Kilichobaki ni ada ya kuuliza, kila mara kabla ya kuitia simu mfukoni: je, imefika?