Mgeni Njoo, Mwenyeji Afundishe



Historia ya ufadhili wa masomo ng'ambo mnaijua, siirudii. Leo nina ugomvi na azimio moja. Tangu tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh, kwa jirani zetu sisi wa Singida, kwenye barabara ya Babati, likaua watu zaidi ya 80, kila kongamano ninalohudhuria hufungwa kwa maneno yaleyale: tupeleke vijana ng'ambo wakasomee maafa.

Azimio hilo limesimama juu ya nguzo tatu, na zote zimeliwa na mchwa.

Nguzo ya kwanza ni kudhani kwamba maafa ni somo moja, ukilifaulu Osaka umelifaulu Katesh. Serikali ilieleza kuwa Hanang haikulipuka: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka. Mwamba ule haufundishwi na mtu ambaye hajaukanyaga.

Ya pili ni kudhani kwamba elimu huwa kwa wasiofikwa na maafa. Tazameni Uholanzi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilibomoa kingo ikaua watu 1,836. Mwaka 1957, kule Delft, ilianza kozi ya kimataifa ya uhandisi wa maji, na wahandisi wetu si haba wamepitia humo. Sisemi mafuriko peke yake ndiyo yaliyoizaa. Delft ilifundisha uhandisi tangu 1842. Nasema waliozama ndio waliokaa kiti cha mwalimu. Sisi tuliofukiwa na tope tunakimbilia dawati la nyuma.

Ya tatu ni kudhani kwamba aendaye mtupu hurudi amejaa. Hii naijua mwilini mwangu. Katika chuo kimoja cha Ulaya niliulizwa mto wa kwetu una kina gani mwezi Agosti. Nikajibu: dhiraa mbili, chini ya mchanga. Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo, maana mama yangu alituchotea maji humo, kwa jembe na kata.

Hapa mniruhusu nikae kidogo na kitabu ambacho jalada lake nimelishona upya mara mbili: *Beyond Bodies* cha Todd Sanders, kilichotoka mwaka 2008. Sanders alikuja Ihanzu, Mkalama ya leo, kusomea mvua. Kwake yeye, ng'ambo ilikuwa Singida! Waihanzu wakamfundisha kwamba mvua haiji mpaka vya kiume na vya kike vikutanishwe, katika kiti cha utawala na katika tambiko. Unaweza usiamini tambiko; mimi mwenyewe ni mtu wa vipimo. Lakini angalieni mwendo wake: aliketi, akasubiri msimu, akauliza wenye mvua. Mikutano yetu ya tathmini huchukua siku mbili, chai ikiwemo.

Haki yao wapinzani wangu nawapa. Maabara za wenzetu zina vifaa tusivyonavyo, na picha za setilaiti hazisomwi kwa macho ya kuzaliwa nayo. Kijana aliyefiwa pia huenda akahitaji kuuona mlima kwa mbali kabla ya kuupima. Waende.

Ila nimeyapima yote haya na bado nabaki palepale: asipande ndege kwa fedha ya umma yeyote ambaye hajamaliza msimu mzima wa mvua, Novemba hadi Aprili, akilala kwenye kijiji kilichofikwa. Wenzangu huliita wazo hili ukaidi wa Kinyaturu, nami silikani jina. Aende na swali lake mkobani, na wageni waje Katesh kusoma kama tulivyokwenda Delft.

Na atakayetaka kujua kina cha mto wetu mwezi Agosti, aje na jembe.